Breki za Gari la Baba

Gari la baba lilishika breki lenyewe kwa mara ya kwanza nikiwa napanda kilima cha Gihosha kutoka kazini. Nilikuwa nauza vitambaa katika duka moja la mtaa wa Asiatique, Bujumbura, na siku hiyo tajiri alifunga mapema kwa sababu milio ya risasi ilisikika upande wa kaskazini. Kila mtu alikuwa anawahi kwake kabla ya saa ya kutotoka nje. Jua lilikuwa limeshaanza kuelekea milima ya Kongo.

Kwanza niliona gari limekuwa zito. Nilikanyaga mafuta, likaguna na kusogea kama mtu anayetembea kwenye matope. Nikadhani ni ule mlima tu. Halafu nikasikia harufu ya kitu kinachoungua, harufu kama ya kwato, na moshi mwembamba ukapanda mbele, kulia na kushoto. Nikashusha gia, injini ikakohoa, ikazima. Sikuvuta breki ya mkono. Gari lilibaki pale pale kwenye mteremko kana kwamba limepigiliwa misumari.

Hapakuwa mahali pa kusimama. Kando ya barabara kulikuwa na nyumba ambazo milango na mabati vilikuwa vimeng'olewa, na kwenye kuta kulikuwa na masizi juu ya madirisha. Miaka ile ya katikati ya tisini kila mtu wa Bujumbura alijua kichwani mwake hapa unapita, hapa unapita upesi, na hapa hupiti kabisa. Pale palikuwa pa kupita upesi.

Nilipandisha vioo nikakaa na mikono juu ya usukani. Kundi la vijana likatokea nyuma ya nyumba. Mmoja alikuwa na rungu, mwingine alishika panga kiulegevu, kama mtu anayetoka shambani. Wakalizunguka gari. Yule wa panga akainama akatema mate kwenye ringi ya gurudumu, mate yakachemka. Wakacheka. Akaja akagonga kioo changu.

"We ni wa wapi?"

Watu walikuwa wanakufa kwa swali hilo, hata wakijibu nini. Asili yetu ni Uvira, Kongo. Baba alivuka mpaka akiwa kijana, akapata kazi ya ufundi wa malori, akaoa hapa hapa. Kirundi changu kingetosha kunipanga upande wowote ambao mwenye panga angeupenda. Nikajibu kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua.

"Mi ni wa Uvira. Motokari ni ya papa. Freni zimeshika."

"Na papa yako iko wapi?"

"Iko ku nyumba. Hana macho."

Alinitazama, akawatazama wenzake. "Hana macho, na iko na motokari!" Wakacheka tena, na mimi nikajikuta nimetoa meno kama mtu anayecheka. Kisha filimbi ikalia chini ya barabara, nao wakatoweka wakikimbia. Mpaka leo sijui ilipulizwa na nani. Nilibaki nimekaa, nguo imenata mgongoni, mpaka magurudumu yalipopoa na gari likaanza kurudi nyuma polepole, limeachia lenyewe. Nikawasha. Nilipanda hadi nyumbani kwa gia ya kwanza bila kugusa breki hata kidogo.

Baba alikuwa barazani. Kabla sijafungua mdomo alinusa hewa, akasema, "Hiyo ni pedi inaungua. Umekuja na freni imeshika?"

Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemaliza macho yake, halafu ukaanza vidole vya miguu. Hakuweza kutembea kupita lango. Lakini lile gari, la Kijerumani, la miaka ya sitini, rangi ya chai ya maziwa, alikuwa amelifungua na kulifunga kwa mikono yake tangu nikiwa mtoto, na aliniambia habari zake kama za mtu wa nyumbani. Mama alikuwa ameshafariki. Kaka yangu, ndiye aliyekuwa akiliendesha, alikimbilia Uvira ghafla baada ya rafiki zake kuchukuliwa na askari, akaniachia funguo juu ya meza. Tulibaki baba na mimi binti yake. Kila juma risasi zilizidi kushuka kutoka vilimani. Dada yetu aliyekaa Kibenga, kule ziwani, alikuwa ametutengea chumba, na tulikubaliana kwamba hali ikichafuka tutashuka kwake. Kwa miguu isingewezekana. Bila gari lile baba asingetoka Gihosha, na mimi nisingemwacha. Usiku ule sikuwaza askari wala waasi. Niliwaza magurudumu mawili ya mbele.

Kulikuwa na hofu nyingine, ya karibu zaidi. Ng'ambo ya ukuta wetu mfupi wa matofali aliishi jirani, mfanyakazi wa serikali, mtu mpole mwenye watoto wadogo. Zamani tulikuwa tunaazimana chumvi. Tangu shemeji yake aanze kuja na sare ya jeshi na bunduki, salamu zetu zilikuwa fupi, na nadhani na yeye alituogopa kwa sababu ya kaka yangu na rafiki zake. Siku moja baada ya gari kushika, alikuja kubisha lango letu. Nilijibanza nyuma ya pazia mpaka akaondoka. Kesho yake akabisha tena, nikajibanza tena.

Mafundi wa mjini hawakukubali kupanda Gihosha. Baba akasema, "Basi tutatazama sisi. Leta kriki na mawe. Mi nitakuambia, we utafanya."

Tulianza Jumamosi, siku ya mji uliokufa, kama tulivyoziita siku zile vijana wa mitaani walipokataza watu kutoka na kufungua maduka. Palikuwa kimya hadi unasikia kuku wa mtaa wa pili. Niliinua gari mbele kwa jeki, nikalikalisha juu ya mawe. Nilimkalisha baba kwenye kigoda karibu na gurudumu la kushoto, naye akaweka viganja vyake juu ya tairi. Gurudumu likazunguka bila taabu.

"Sasa ingia. Kanyaga freni, achia, kanyaga tena. Nguvu."

Nilikanyaga mpaka akainua mkono. Akajaribu kuzungusha, likakataa. Akashika bampa, akajikokota kwa makalio hadi upande wa kulia, akajaribu na lile. Likakataa pia. Uso wake ukachangamka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona kwa muda mrefu.

"Zote mbili," alisema. "Ingekuwa moja, ningesema pistoni imeshika kutu, ao ile tiyo ya mupira ya kupitisha mafuta imeziba mu ndani. Lakini zote mbili kwa mara moja, apana. Nyuma ya gurudumu iko skrubu ndogo ya kutosha hewa, itoke inje. Ifungue kidogo. Uso weka mbali."

Nilipolegeza skrubu ya kushoto, mafuta ya breki yaliruka kwa kishindo, yakanilowesha mkono. Gurudumu likaachia pale pale.

"Sasa tazama na ile ingine."

Lile la kulia nalo lilikuwa limeachia, na sikuwa nimeligusa.

"Umeona? Magurudumu ni mazima. Mafuta inasukumwa, inafika, inakosa njia ya kurudi. Shida iko huko juu, ku pompe." Akanieleza polepole. Unapoachia pedali, pistoni ndani ya pampu hurudi nyuma na kufungua tundu dogo, na mafuta hurejea kwenye kikopo chake. Tundu lisipofunguka, mafuta hubaki yamebana. Ukiendelea na safari yanapata moto, yanatanuka, yanabana zaidi. Ndiyo sababu gari lilianza kwa uzito tu, likaishia kwa moshi.

Wakati anasema hayo, mlio mzito ulisikika, na mwingine, madirisha yakatikisika. Ufunguo uliniponyoka mkononi. Nilitaka tuingie ndani.

"Hiyo iko ku mutaa ya Kamenge," baba alisema bila kugeuza kichwa. "Okota ufunguo."

Niliuokota. Nilikuwa na swali lililonisumbua tangu siku ile ya mlimani. Nikasogea sikioni kwake, macho yangu yako kwenye ukuta wa jirani.

"Papa, pengine kuna mutu aliigusa motokari."

Alifikiri. "Mutu mwenye anataka kukuua anakutosha freni, anaiondoa. Hawezi kukuongezea." Kisha akashusha sauti. "Lakini miaka hii, sijui. Tuangalie."

"Dada!"

Niliruka. Jirani alikuwa amesimama ng'ambo ya ukuta, kichwa na mabega tu vinaonekana. Sikujua amesimama pale tangu lini, wala amesikia nini.

"Nilikuja kubisha, hamukufungua," alisema. "Nilitaka kuwaambia. Siku ile ulikuwa unapanda, mi nilikuwa napanda kwa miguu nyuma yako. Taa zako nyekundu za nyuma hazikuzimika. Hata pale ulikuwa unatembea, zilikuwa zinawaka. Nikafikiri, ku bariyeri ya askari wataona mubaya."

Niliwaza kwamba alikuwa nyuma yangu barabarani siku ile, akaona wale vijana, na hakuja. Lakini na mimi nisingekuja.

Baba ndiye aliyejibu. "Asante, jirani. Asante sana." Halafu akanigeukia, ameshasahau kwamba kuna mtu. "Taa hazizimike! Basi pompe haina kosa. Ni pedali yenyewe hairudi mpaka mwisho. Sukuma pedali kwa mukono, polepole. Iko na mchezo?"

"Mchezo gani?"

"Mbele ya kukaza, inafaa itembee bure kidogo, upana wa kidole."

Nilisukuma. Ilikuwa imekaza tangu mwanzo, kama ukuta. "Haina."

"Basi iko kitu kinaizuia huko juu. Lala chini, ingiza mukono, tafuta."

Nililala chali kwenye sakafu ya gari, miguu nje, kichwa kati ya pedali. Kulikuwa na giza na harufu ya mpira wa kale. Nilipapasa nyaya, nikapapasa mti wa usukani, nikafuata mkono wa pedali kwenda juu mpaka pale unapotakiwa kugonga chuma chake na kusimama. Vidole vyangu havikukuta chuma. Vilikuta kitambaa.

Kilikuwa kifurushi kimepachikwa kwa nguvu nyuma ya dashibodi. Bila shaka mashimo ya barabara yalikuwa yamekishusha kidogo kidogo mpaka kikaegemea pedali. Nilikitikisa, kikalegea, kikaangukia kiganjani mwangu kwa uzito ambao sikuutegemea. Pedali ikapanda juu, tak, ikagonga mahali pake. Nikajitoa nje mgongo mgongo nikafungua kitambaa. Kilikuwa kipande cha shati la mistari la kaka yangu. Ndani yake kulikuwa na chuma cha rangi ya majani, kikubwa kama embe dogo, kina pete.

Nilikishika kwa viganja viwili.

"Ni nini?" baba aliuliza. "Nimesikia pedali imerudi. Ni nini?"

"Papa, ni grenadi."

Mikono yake ilisimama hewani. "Usiiangushe. Usivute kitu. Nipe mi."

Nilipiga magoti nikaiweka viganjani mwake. Nilimwona akiipapasa jinsi alivyokuwa akipapasa skrubu na boliti, kwa ncha za vidole, bila haraka: pete, pini, na ule ulimi wa chuma unaoshikwa na pini. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Pini iko," alisema. "Imepinda muzuri. Haiwezi kulipuka yenyewe."

Mimi nilikuwa nahesabu vizuizi vyote vya askari nilivyopita nayo. Walikuwa wakifungua buti, wakichungulia chini ya viti, wakiniambia niende. Muda wote ule mguu wangu ulikuwa ukiisukuma, nikienda kazini na kurudi.

Halafu nikakumbuka ukuta. Nilipoinua macho, jirani alikuwa pale pale, na uso wake ulikuwa umekuwa kama majivu. Neno lake moja kwa shemeji yake lingetosha kutumaliza. Lakini sikuona ubaya machoni mwake. Niliona anavyotuona sisi: watu waliolifunga lango kwa siku nyingi, ambao hawaitikii hodi, na sasa wameshika bomu hatua chache kutoka kwa watoto wake.

"Hiyo mulikuwa mumemuwekea nani?" aliuliza.

"Sikujua kama iko," baba alisema, uso wake umeelekea palipotoka sauti. "Ni ya kijana wangu, aliiacha. Jirani, haikuwa yako. Naapa kwa Mungu haikuwa yako."

"Mi niko na watoto, Muzee."

"Najua. Mi pia niko na wangu, ni huyu."

Kule Kamenge mabomu yakalia tena. Mwishowe ni mimi niliyemuuliza, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumuuliza. "Tuitupe wapi?"

Alitazama barabarani, akatazama nyumba yake. "Usiibebe inje. Shemeji anakuja kesho. Akiikuta kwenu ao kwangu, tumekwisha wote, na mi ndani." Akameza mate. "Nimechimba choo mpya nyuma ya nyumba. Shimo ni refu, bado haijaanza kutumika. Mulete."

Baba akanyoosha mikono yake miwili kuelekea ukuta, na kile kitu juu ya viganja. Nilitaka kumshika. Kila nilichojifunza tangu vita vianze kiliniambia nimshike. Nilimsaidia kusimama, nikamwongoza hadi ukutani, na jirani akaipokea. Aliibeba kama mtu aliyebeba sufuria ya maji yanayochemka, mwili umeinama nyuma. Sekunde zile, kabla hajageuka, alikuwa na uwezo wa kufanya lolote. Akageuka, akaenda nyuma ya nyumba.

Niliruka ukuta nikamfuata. Aliiweka kwenye ndoo, akaishusha kwa kamba mpaka kamba ikalegea, akaiachia kamba nayo. Kisha tukaanza kufukia, yeye na koleo, mimi na jembe. Mke wake alitoka jikoni, akatazama, hakuuliza, akaanza kuleta mawe. Mchana wote ule tulifanya kazi bila mazungumzo. Shimo lake la miezi mizima lilijaa hadi juu.

Niliporudi, baba alikuwa amekaa tena kwenye kigoda chake, anazungusha gurudumu, anasikiliza. "Kanyaga," aliniambia. Nikakanyaga, likashika. "Achia." Likaachia.

Hatukukaa sana. Asubuhi moja ya wiki iliyofuata mabomu yalianguka juu ya mtaa wetu, na watu wakaanza kushuka na magodoro vichwani. Nilimpakia baba, blanketi zake na dawa zake, nikaondoka. Jirani alikuwa anafunga mizigo ya watoto wake; tulipungiana mkono tu.

Kwenye kizuizi cha chini ya mlima askari aliniamuru nitoke. Baba akabaki kitini, amenyoosha uso mbele. Askari akafungua buti, akarudi kwenye mlango wangu, akalala kifudifudi juu ya kiti na kuingiza mkono nyuma ya dashibodi, pale pale. Nilijua hapana kitu. Ndipo nilipokumbuka kwamba tulipopata kile kifurushi tuliacha kutafuta. Hatukuangalia ndani ya milango. Hatukuangalia chini ya kiti cha nyuma. Sikujua kaka yangu alikuwa ameficha ngapi.

Niliegemea gari. Askari alihangaika huko ndani, akapapasa, akavuta waya, akautazama. Akatoa mkono umejaa grisi, akaupangusa kwenye kiti changu.

"Gari ya zamani hii," alisema. "Freni inashika?"

"Inashika," nilisema. "Na inaachia."

"Endeni."

Nilishuka hadi mjini, nikapita kando ya Asiatique ambako maduka yote yalikuwa yamefungwa, nikafuata barabara ya ziwa mpaka Kibenga. Kila nilipogusa breki nilitazama kioo kama kuna moshi. Hapakuwa na moshi. Tulipoingia kwa dada, baba alikataa kuingia ndani kwanza. Aliomba kupelekwa mbele ya gari, akagusa ringi moja kwa mgongo wa kiganja, kisha nyingine. Ndipo alipokubali kuingia ndani.

Mimi, dada na mume wake tulilipekua gari lile siku hiyo hiyo, milango, viti, chini ya mazulia. Tulikuta kalamu na ganda la ndizi lililokauka.

Jirani alinusurika. Nilimwona miaka ya baadaye, amani ilipoanza kurudi, akija dukani kununua kitambaa cha sare za shule za watoto wake. Tuliulizana habari za nyumbani, akaniuliza mzee, nikamwambia ametutoka. Nilimkatia kitambaa kirefu kuliko alichoomba. Habari ya shimo hatukuigusa.

Kaka yangu alikuwa amevuka kutoka Uvira kuja kwenye matanga ya baba. Siku ya tatu, watu wakiwa wamepungua, nilimkuta peke yake nyuma ya nyumba na kikombe cha chai, nikamuuliza habari ya ile grenadi. Alichukua muda kuelewa ninasema nini.

"Lo, ile," alisema. "Nilinunua kwa sababu ya papa. Kama wakiingia ku nyumba." Akanywa chai. "Siku ya kukimbia kulikuwa mambo mengi. Nilisahau, dada."

Nilimtazama nikaona hasemi uongo. Aliweka kikombe chini, akaniuliza lile gari tulilouza alilinunua nani.